Nyumba ya Bibi kwenye Shingo ya Mandolini

Mwezi uliopita nilialikwa harusi Bariadi mjini, katika ukumbi mmoja ulio nyuma ya stendi, na nikaharibu raha za watu. Sikumtukana mtu wala sikurusha sahani. Niliinuka tu katikati ya wimbo, nikamfuata kijana wa kinanda, nikamuuliza kwa sauti iliyofika hadi meza ya wazazi wa bibi harusi: "Hapo umebonyeza nini?"

Shangazi wa bwana harusi alikuwa amepewa kipaza sauti, akaanzisha wimbo, na wimbo ukawa juu mno kwake. Akakohoa, akacheka kwa aibu. Kijana akabonyeza kitufe kimoja, kinanda kizima kikashuka, na mama yule akaimba vizuri mpaka ukumbi ukasimama kumpigia vigelegele.

"Nimeshusha kii, mama," kijana alinijibu. "Ilikuwa inambana."

"Na hakuna aliyekuambia kwamba hujui kupiga?"

"Waniambie hivyo kwa nini tena, mama?"

Wifi yangu akanivuta gauni, nikarudi kukaa. Pilau ilikuwa mbele yangu na nyama ya kutosha, lakini niliisukumia kwa wifi. Wifi akasema nimeanza kuzeeka vibaya. Inawezekana. Wewe nisikilize kwanza, halafu uamue mwenyewe kama nilikuwa na haki ya kukasirika.

Nilikulia kijijini, upande wa barabara iendayo Lagangabilili, kwa wakulima wa pamba wenye ng'ombe wachache. Babu, baba yake mama, ujanani alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba, na fundi mmoja wa Kihindi wa pale, siku anahama, akamwachia mandolini. Kijijini waliiita kagitaa. Ilikuwa na tumbo la mviringo na nyuzi nane zilizokaa mbilimbili, kila jozi ikitoa sauti moja, kwa hiyo babu aliziita pacha. Alijifunza mwenyewe bila mwalimu, na mpaka anakufa alijua mpangilio mmoja tu wa vidole. Kwa mpangilio huo mmoja, wimbo hutoka katika kimo kimoja. Na watu, kama ujuavyo, hawakuumbwa na koo moja.

Babu hakukubali kushindwa na jambo dogo kama hilo. Alichukua kipande cha mfupa wa ng'ombe, akakisugua juu ya jiwe la kusagia mpaka kikanyooka, akakifunga shingoni mwa mandolini kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Hicho ndicho kilikuwa kibano. Vijana wa magitaa siku hizi wananunua cha chuma chenye springi, wanakiita kepo. Kazi ni ileile: kinabana nyuzi zote mahali pamoja, nyuzi zinakuwa fupi, sauti inapanda, lakini vidole vinabaki na mpangilio wao uleule wa siku zote.

Shingo ya mandolini ina vyuma vyembamba vilivyolala kwa upana, na nafasi kati ya chuma na chuma babu aliiita nyumba. Kila mwimbaji wetu alikuwa na nyumba yake. Mimi nilikaa nyumba ya saba, juu kabisa, ambako vyumba ni vyembamba na vidole vya mtu mzima vinagombana. Mama alikaa nyumba ya tano, pamoja na wanawake wengi wa rika lake. Bibi alikaa nyumba ya pili, kwa sababu alikuwa na sauti nzito iliyotulia, sauti ambayo haikupanda haraka lakini ikishika neno hailiachii. Mgeni akija kwenye kwaya ya kanisa letu, kabla hajaulizwa ukoo aliulizwa: "Unakaa nyumba ya ngapi?" Kama hajui, babu alimpandisha na kumshusha pole pole mpaka apate kwake. "Mwimbaji hahami," alikuwa akisema. "Chombo ndicho chenye miguu."

Aliponifundisha kufunga kibano nilipigwa vidoleni mara nyingi. Mpira ukikaza mno, nyuzi hupanda kuliko zinavyotakiwa, na wimbo unachacha. Ukilegea, pacha mmoja anatetemeka kama nzi ndani ya chupa. Mfupa ukae nyuma kidogo tu ya chuma, usikikalie. Na ukishafunga usikurupuke kupiga. Gusa jozi moja moja, sikiliza, rekebisha, ndipo umkaribishe mwenye nyumba. Nilipofika miaka tisa babu alifariki, na mandolini ikabaki kwangu, mtoto wa kike, mbele ya wajomba waliokunja sura. Bibi ndiye aliyetaka iwe hivyo.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo lazima ulijue. Mama mkwe na mkwe wa kiume hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawasimami bega kwa bega. Hiyo si chuki, ndiyo heshima yenyewe. Baba alijenga mji wake ng'ambo ya korongo, hatua mia mbili kutoka kwa bibi, na kwa miaka yote walipokutana njiani bibi aliacha njia, akageukia mihogo kama vile kuna jani anataka kulikagua, naye baba akainamisha kichwa akapita. Salamu zilipitia kwangu.

"Mwambie bibi yako, mwangaluka," baba alisema.

Bibi yupo pale, hatua kumi, anasikia kila neno. "Mwambie baba yako, mwangaluka. Ng'ombe wameamkaje?"

Nami nilisimama katikati nikitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, narudia neno kwa neno kama karani. Siku nyingine niliongeza ya kwangu. "Bibi, baba anasema leo umevaa ukapendeza!" Bibi alicheka mpaka akashika mbavu, na baba akaongeza mwendo akikimbia aibu.

Lakini kanisani walizungumza. Kulikuwa na wimbo mmoja ambao bibi aliuanzisha: yeye aliuliza, na wanaume wa sauti ya tatu wakaitikia, na baba alikuwa wa sauti ya tatu. Bibi alisimama mwisho kabisa upande wa wanawake, baba mwisho kabisa upande wa wanaume, na kati yao kwaya nzima na mimi na mandolini yangu. Bibi akiuliza, baba anajibu. Siku moja tukipepeta mtama, mama aliniambia kwamba tangu aolewe hajawahi kumsikia mama yake na mumewe wakiambiana kitu, isipokuwa katika wimbo ule. Alisema vile akiendelea kupepeta, bila huzuni yoyote. Ilikuwa inatosha.

Nikikumbuka miaka ile nasikia harufu ya pamba kabla ya kitu kingine. Msimu ukifika, pamba ililala ndani ya nyumba, sisi tukalala juu yake. Asubuhi uji wa mtama, kisha shambani mpaka jua likae utosini. Mchana ugali na nsansa iliyoungwa kwa karanga, yale majani makavu ya kunde ambayo leo mjini wanauziana kama dawa. Jioni tulikaa uani kutenganisha pamba safi na fifi, ile chafu ya bei ndogo, vidole vimechubuliwa na vikonyo, na bibi akivumisha wimbo mdomo ukiwa umefungwa. Siku ya kufungua gulio la pamba kwaya yetu iliimba mbele ya ghala la ushirika, nami nilifunga na kufungua kibano mara nyingi kuliko nilivyopiga. Hakuna aliyeona ajabu.

Kisha soko huria likatufikia. Miaka ya ruksa, kila mtu ruksa, kila kitu ruksa. Sitasema ushirika walikuwa malaika, maana tuliwajua. Ila ghala lao lilibaki na popo, na badala yake yakaja magari ya wanunuzi yenye vipaza sauti juu, yakishindana kupiga kelele. Waligawa fulana, waligawa kofia, waligawa kanga zenye majina ya kampuni. Mmoja wao aligundua kwamba watu wetu wanapenda kwaya. Akasema atatupeleka Mwanza turekodi kaseti, naye ataipiga kwenye gari lake kila gulio, kuanzia kwetu mpaka Lamadi ziwani. Kijiji kizima kikapagawa. Mnunuzi akaleta na mwalimu wa kwaya kutoka mjini, pamoja na kinanda cha umeme kilichokula betri ya gari.

Mwalimu yule! Shati la mikono mirefu, kalamu tatu mfukoni, na neno "ushindani" mdomoni asubuhi na jioni. Siku ya kwanza aliuinua mfupa wa babu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kupe.

"Hiki ni nini?"

"Kibano, mwalimu."

"Hiki ni cha wasiojua kupiga," alisema, akawageukia watu. "Mpigaji wa kweli hatembei na mkongojo."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, na kicheko kile bado nakisikia. Kisha akanishika bega mbele ya wote, akasema binti huyu ana vidole, akiachana na mkongojo nitampeleka Mwanza na atasikika mpaka Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sikuwa nimewahi kupanda basi.

Kwa wiki tatu alinifundisha mpangilio mpya wa vidole, unaolingana na kinanda chake. Sikukataa, nilijifunza kwa bidii ya punda. Na ngoja nikuambie kilichonitia wazimu baadaye. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilijifunza kinanda, nikakumbuka mikono ya mtu yule, nikaelewa: alikuwa anapiga vitufe vyeupe tu. Vyeusi hakuvigusa hata siku moja. Naye alijua mpangilio mmoja, sawasawa na babu! Tofauti yao ni kwamba babu alijijua, ndiyo maana akatengeneza kibano. Huyu hakujijua, akaamua makoo ya watu wazima ndiyo yahame.

Na yakahama. Kinanda chake kilikaa ilipokuwa nyumba ya tano, basi kwaya yote ikakaa nyumba ya tano. Wenye sauti za juu walinung'unika wakazoea. Jumamosi moja mchana, kanisani, akataka tufanye wimbo wa bibi. Akapiga utangulizi, bibi akaanza. Ulipofika pale wimbo unapopanda, sauti ya bibi ikakatika. Akarudia, ikakatika tena. Mara ya tatu hakufika hata pale.

"Mama, wewe una sauti ya kiume," mwalimu alisema. "Hamia sauti ya tatu."

Alikuwa amepanga vipaza sauti kama tutakavyokuta Mwanza, kimoja kwa kila kundi. Wanaume wa sauti ya tatu walikuwa wamebanana kwenye kimoja, mabega yakigusana, na katikati yao baba. Watoto waliokuwa dirishani wakasukumana wapate kuona.

Mzee mmoja wa kanisa akakohoa. "Mwalimu, pale... yupo mkwe wake."

"Mkwe?" Mwalimu akacheka. "Tunatengeneza kwaya ya kisasa au tunacheza ngoma? Kanisani hakuna mkwe, wote ni ndugu. Sogea, mama, muda unakwenda."

Mzee wa kanisa akakaa. Baba alikuwa anatazama viatu vyake. Mama alishika mdomo. Bibi hakugombana na mtu. Alinigeukia mimi, taratibu, kama vile tupo uani kwake.

"Ng'wizukulu wane," aliniita, mjukuu wangu. "Nifungie nyumba yangu."

Mfupa ulikuwa mfukoni mwa sketi yangu. Uelewe vizuri hapo. Mfukoni, na mpira wake. Ilikuwa ni kufunga nyumba ya pili, kugusa jozi nne, kukinyamazisha kinanda kwa wimbo mmoja tu kati ya nyimbo nane za kaseti. Bibi angebaki upande wa wanawake, angeuliza, baba angemjibu kutoka kwake, na dunia isingeharibika.

"Bibi," nilisema, "mwalimu amesema kibano ni cha wasiojua kupiga."

Sikunong'ona. Nilisema kwa Kiswahili cha shule, kwa sauti, nikitaka mwalimu asikie.

Bibi aliniangalia kidogo. Akajifunga kitenge vizuri kiunoni, akasema, "Haya, wabeja," yaani asante, akatoka kwa mlango wa wanawake. Mwalimu akaanza upya utangulizi. Nafasi ya kuuliza akanipa mimi.

Mwanza tulikwenda. Nilipanda basi, niliona ziwa, nilikula sato mzima peke yangu. Chumba cha kurekodia kilikuwa kimebandikwa trei za mayai ukutani, na ndani yake niliimba maneno ya bibi kwa sauti yangu nyembamba, baba akaniitikia. Mwalimu alisema safi sana. Msimu uliofuata tulikuwa shambani mimi na bibi tunachuma, gari la mnunuzi likapita barabarani, na sauti zetu za kwenye kaseti zikiimba juu yake. Bibi aliinua kichwa, akasikiliza mpaka vumbi likatulia.

"Baba yako ameitikia vizuri," alisema, akaendelea kuchuma.

Hakuimba tena kanisani. Aliendelea kuja kila Jumapili, akakaa kwenye benchi lake, midomo imefungwa, na watu wakazoea hilo pia. Watu wetu wanazoea haraka, ndiyo kasoro yetu kubwa. Mnunuzi alikuja misimu miwili, wa tatu hatukumwona, na mwalimu alikwisha ondoka zamani na kinanda chake. Kaseti zililiwa na redio moja baada ya nyingine. Siku ya kumzika bibi, kwaya ilisubiri muda mrefu mtu aanzishe wimbo wake, mwisho wakaimba wimbo wa kwaya nyingine walioupata redioni. Baba alisimama mbali na kaburi, mahali panapomfaa mkwe.

Leo hakuna kijijini mtu anayeulizwa anakaa nyumba ya ngapi. Mandolini ilitobolewa na mchwa ukutani nikiwa chuoni. Sauti ya bibi haipo popote, si kwenye kaseti, si kwenye simu ya mtu, na hata mimi nikifumba macho naipata nusu tu, ile ya kuvumisha. Waliokuwa na makosa madogo kuliko hayo wanafungwa. Kwa hiyo nimekasirika miaka yote hii, na sijioni vibaya. Nimemkasirikia mwalimu kwa kutojua kwake, mnunuzi kwa kufanya ibada yetu tangazo la pamba, mzee wa kanisa kwa kukaa haraka vile. Zaidi ya wote nilimkasirikia baba. Hatua tatu tu! Angetoka kwenye ule mstari hatua tatu, bibi angepata pa kusimama.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumsalimia nilimwambia. Amezeeka sasa, anasikia kwa sikio moja. Tulikuwa uani kwake tunabangua karanga za mbegu, nikammwagia yote, kwa hasira, mtu mzima nalia kama mtoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuacha kubangua.

"Ningetoka, watu wangesema nini?" aliniuliza. "Mkwe kamkimbia mama mkwe mbele ya kanisa. Ningemtetea, wangesema nini? Kwa mama mkwe mimi sina mdomo. Na mama yako naye asingeweza kumsemea mama yake mbele yangu."

"Basi nani angesema, baba?"

"Mjukuu," alisema. "Mjukuu kwa bibi hana mipaka, hata kumsemea. Ungemwambia mwalimu yule kwamba ni mjinga, watu wangecheka, naye angecheka, yangeisha. Niliinua macho nikakuangalia. Mzee wa kanisa alikuwa anakuangalia. Watu wote mle ndani walikuwa wanakutazama wewe, mwanangu. Hukuona?"

Sikuona. Nilikuwa namtazama mwalimu.